Barafu ya Gisozi

Kwenye misa ya kumzika Mjomba Venansi, mwezi uliopita, mtumishi wa altare alizima mishumaa mmoja mmoja kwa kile kikofia cha bati chenye mpini mrefu, na moshi ukaja moja kwa moja hadi benchi letu la pili. Ndugu zangu walikuwa wakilia kwa utaratibu, leso mkononi, kama watu wa ofisini wanavyolia. Mimi nilikuwa mkavu tangu asubuhi na nilishaanza kujisifu kimoyomoyo kwa uimara wangu. Moshi uliponifikia nilitoa kilio ambacho hata mimi sikukitambua. Mama yangu, ambaye siku hizi hupanda ngazi kwa kushikwa mkono, alinifinya paja vilevile alivyonifinya nilipokuwa na miaka tisa. "Jikaze," alininong'oneza. "Watu wanatutazama."

Walidhani namlilia marehemu, na kwa kiasi fulani ndivyo. Lakini kilichonitoa kilio ni kwamba kwangu mimi utambi uliozimwa sasa hivi hunukia barafu. Najua barafu haina harufu. Nimesoma hadi chuo kikuu, na nusu ya masomo hayo niliyafanya katika nchi ambayo maziwa na mito yake huganda. Nimeikanyaga barafu ya kweli na kuanguka chali mbele ya umati wa watoto waliokuwa wakiteleza kinyumenyume. Haikunukia chochote. Nilihisi nimedhulumiwa. Barafu niliyoijua mimi ilikuwa nyekundu, ilinukia nta na mafuta ya taa, na ilikuwa Gisozi.

Mjomba Venansi alikuwa mdogo wake Mama. Wote wawili walizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, watoto wa wakimbizi wa Rwanda, na ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kufokea na Kinyarwanda lugha ya kusalia. Yeye alibahatika kwenda Kanada akiwa kijana. Sisi tulirudi Kigali vita ilipokwisha, juu ya lori, pamoja na magodoro na kuku wawili. Yeye alitufuata baadaye kwa ndege, na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa la nguo zake. La pili lilikuwa la vifaa vya mtoto vya hoki, ile inayochezwa juu ya barafu: kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni, kinga za miguu nene kama mito ya kulalia, glavu mbili zisizofanana, na jezi ya buluu. Vilikuwa vya mwanawe, Bruno, ambaye alikuwa amebaki Kanada na mama yake. Watu wazima walilitamka hilo neno "amebaki" kama unavyosema mtu amebaki sokoni, kwamba akimaliza kununua vitunguu atafuata.

Sisi watoto tulielewa kwamba Mjomba alikuwa mchezaji mkubwa huko. Hakuwahi kutuambia hivyo. Tulijiambia wenyewe, kutokana na namna alivyosimama miguu ikiwa imepanuka kidogo na magoti yamekunjwa, kama mtu aliye ndani ya basi linalokata kona. Nilikuwa tayari sekondari nilipojua kwamba alikuwa dereva wa gari la kulainisha barafu, lile linalozunguka ukumbini wakati wachezaji wanapumzika, likikwangua mikwaruzo na kumwaga maji mapya yagande. Kwa miaka kadhaa alikaa juu ya gari hilo akisubiri zamu yake, akiwatazama makocha wakiwafundisha watoto wadogo, Bruno akiwemo. Yote aliyoyajua kuhusu hoki aliyapata kwa kuchungulia. Ndiyo maana, nadhani, alikuwa mkali zaidi juu ya sakafu kuliko juu ya mchezo.

Sakafu yenyewe ilikuwa ya Bwana Gaspari, rafiki yake aliyekuwa na biashara ya saruji. Gaspari alikuwa anajenga ukumbi wa harusi kwenye kilima cha Gisozi, hapo hapo Kigali, wakati ambapo mafundi seremala waliojaa huko siku hizi walikuwa bado wa kuhesabika, na ujenzi ulikuwa umesimama: paa lipo, sakafu ya saruji nyekundu ipo, kuta zimefika kiunoni. Mtu mwingine angeona jengo lililokwama. Mjomba aliona uwanja wa hoki, maana uwanja wa hoki nao huzungushiwa ubao wa kimo hichohicho. Alimwomba Gaspari ampe ukumbi kila Jumamosi mchana, na Gaspari, ambaye alicheka kwa tumbo zima kila aliposikia neno hoki, akampa.

Tulianza watoto kumi na wanne, wenye umri wa miaka mitano hadi kumi, wengi wetu kutoka mtaa wa Gitega, tulikokuwa tukiishi. Wazazi hawakuuliza maswali. Ilikuwa miaka ambayo mzazi yeyote Kigali alifurahi kusikia kwamba mtoto wake yuko mahali fulani, na mtu mzima anayejulikana, akifanya jambo lisilo na maana yoyote. Ada ilikuwa vipande vya mishumaa. Kila mtoto alikuja na vishina vya mishumaa iliyoungua nyumbani umeme ulipokatika, na Mjomba aliviyeyusha ndani ya kopo la maziwa juu ya jiko la makaa, akachanganya na mafuta ya taa, akapaka sakafu kwa tambara. Kisha ilikuja kazi tuliyoipenda kuliko hoki yenyewe. Mtoto mmoja aliketi juu ya blanketi kuukuu, wawili wakamburuta kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka sakafu iwe inang'aa na makalio ya aliyeketi yawe mekundu. Nyumbani kwetu umeme ulikuwa haukatiki mara nyingi kiasi cha kutosha, kwa hiyo mimi vishina vyangu nilivitoa kanisani. Padri alitangaza mara mbili kwamba kuna mtu anaila nta ya Bwana, nami nilijibu "Amina" pamoja na wengine.

Tulivaa soksi za sufu, jozi mbili mbili. Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. Kwa Jumamosi tatu nzima hakuna aliyegusa fimbo, tulianguka tu. Kuanguka kwa goti, kwa ubavu, kwa tako. Kuinuka bila kushika ukuta. Na kila tulipoanguka tulitakiwa kukunja ngumi papo hapo, ili viatu vya chuma vya mwenzako, vyenye makali ya kutelezea, visipite juu ya vidole vyako na kuvikata. Hakuna mtu aliyekuwa na viatu vya chuma. Tulikunja ngumi kwa bidii, watoto kumi na wanne wa soksi, tukivilinda vidole vyetu dhidi ya hatari iliyokuwa upande wa pili wa dunia.

"Kocha," aliuliza Kazungu kila Jumamosi. Kazungu alikuwa na miaka saba, jirani yetu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali hasa. "Barafu itakuja rini?"

"Iko njiani."

"Njiani wapi?"

"Imefika Mombasa. Mashine yake ni kubwa, inahitaji vibali."

"Hata wiki ingine ulisema iko Mombasa."

"Wewe umewahi kuomba kibali?"

Kazungu alikiri kwamba hajawahi.

Mimi neno mashine halikuniingia kichwani kabisa. Niliielewa barafu kama barafu ile waliyokuwa wakifungia samaki kutoka ziwani kule Tanzania, mapande makubwa yaliyofunikwa maranda ya mbao. Nililiona pande letu, kubwa kama ukumbi mzima wa Gaspari, likiwa juu ya lori, likipita mpakani Rusumo, mahali ambapo sisi tulivuka. Nilichokiogopa ni jua. Nilihesabu kilomita kwenye ramani ya shuleni na nikafikia hitimisho kwamba litakapofika litakuwa limepungua hadi kutosha goli moja tu. Hilo halikunisumbua sana, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa golini.

Nilikuwa kipa. Ni mimi peke yangu niliyevaa vifaa vya kweli, kofia yenye wavu, mito miguuni, glavu zisizofanana, na jezi ya buluu iliyonifika magotini. Nilisimama mbele ya mawe mawili, nikapigwa na kisahani, ambacho ndicho mpira wa hoki, kilichokatwa kwenye tairi la lori, na sikuhisi kitu. Niliamini Mjomba aliniteua kwa sababu ya kipaji. Leo, nikiwa na busara zote za mwanamke anayehema akifunga kamba za viatu, naona mambo mawili. Kwanza, nilikuwa mzito kuliko wote juu ya soksi, na mtu mzito huwekwa golini kila mahali duniani. Pili, nilikuwa na umri wa Bruno, kimo cha Bruno, na nikifunika uso kwa ule wavu hakuna mtu angeweza kusema kwa hakika kwamba mimi si Bruno. Mjomba alizoea kunifunga mikanda ya kinga mwenyewe, taratibu, akikaza, akilegeza, akikaza tena. Wakati mwingine alimaliza kufunga na akabaki amechuchumaa pale pale, mikono juu ya viatu vyangu ambavyo havikuwa viatu. Nilidhani anafikiria mbinu.

Tulikuwa tumefikia mahali ambapo tunaweza kupasiana kisahani mara tatu bila mtu kulia, pale Mjomba alipotangaza kwamba Bruno anakuja likizo. Alitangaza akiwa amesimama juu ya ndoo.

"Anakuja kucheza na nyinyi," alisema. "Ameshakubali. Mama yake pia amekaribia kukubali. Tunapanga tarehe."

Watoto walipiga fimbo sakafuni kwa furaha. Baada ya mazoezi Mjomba alinivua vifaa, na badala ya kuvirudisha kwenye gunia alivichukua nyumbani kwake. Jumatano nikaviona kwenye kamba yake ya kuanikia nguo, vimefuliwa. Jezi ilikuwa imepigwa pasi.

"Utampisha mwenzako golini, mama," aliniambia. "Ni wiki tatu tu. Wewe utacheza pembeni."

Nilimjibu sawa. Sikumjibu vinginevyo kwa sababu mtoto wa kike wa kwetu hamjibu mjomba vinginevyo. Lakini pembeni nilikujua. Pembeni ndiko walikokuwa wakiwekwa watoto wa miaka mitano, waliokuwa wakijisaidia ndani ya soksi.

Jumamosi iliyofuata nilisema tumbo linauma na sikwenda. Nyumbani tulikuwa na simu ya mezani, ya kijani, kwa sababu Mama alikuwa karani serikalini na simu ilikuja na kazi. Mjomba hakuwa na simu. Alikuwa amepanga kwa barua kwamba siku hiyo, saa kumi jioni, Bruno apige kwetu ili wazungumze juu ya safari. Mazoezi yalikuwa yakiisha saa tisa. Alikuwa na muda wa kutosha wa kushuka Gisozi na kupanda Gitega, hata kwa miguu. Lakini Kazungu alianguka bila kufuata somo, akavunja jino la mbele, na Mjomba akalazimika kumbeba hadi zahanati na kisha hadi kwa mama yake ili atukanwe ana kwa ana. Mama yangu alikuwa sokoni. Saa kumi simu ililia, na mgonjwa wa tumbo akainuka kitandani.

"Baba?" alisema mtu.

"Baba yako hayupo. Mimi ni mtoto wa shangazi yako."

Nilisikia ule mvumo wa simu za mbali za wakati ule. Kiswahili chake kilikuwa kile alichofundishwa na baba yake kabla hajaachwa, cha mtoto mdogo sana, kila neno peke yake.

"Wewe cheza hoki?"

"Mimi ndiye kipa."

"Mimi pia kipa."

Nilikuwa nimeuzungushia mkono wangu waya wa simu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Barafu ya huko nzuri?" aliuliza. "Baba sema kubwa. Sema iko na taa juu."

Naomba msomaji anielewe vizuri hapa, kwa maana jambo hili limenichukua miaka mingi kulielewa mwenyewe. Mimi niliamini barafu iko Mombasa. Niliamini inakuja. Nilichoamua kufanya wakati ule, nikiwa nimesimama peku kwenye sebule ya mama yangu, ni kumdanganya.

"Hakuna barafu," nilisema.

"Nini?"

"Huku hakuna barafu kabisa. Tunateleza na soksi. Kwenye saruji. Tunapaka mishumaa."

"Mishumaa?"

"Ya kanisani. Nyingine tunaiba. Na haitakuja barafu, hata usisubiri. Na hakuna taa. Hata ukuta hakuna, ni nusu."

Nyuma yake nilimsikia mwanamke akiuliza kitu kwa Kiingereza, naye akamjibu, na nikatambua neno moja tu katika jibu lake, neno la soksi. Kisha akarudi kwangu.

"Haya," alisema, kama watoto wa kwetu wanavyosema wakitumwa dukani, na simu ikakatika.

Mjomba aliingia saa kumi na robo. Shati lake lilikuwa na damu ya Kazungu. Alikuwa anakimbia, sikuwahi kumwona mtu mzima wa familia yetu akikimbia.

"Simu imelia?"

"Haijalia, Mjomba."

Aliketi karibu nayo mpaka giza likaingia, na Mama alipomletea chai aliinywa bila kuiondolea macho ile simu. Mimi nilirudi kitandani na tumbo langu, ambalo sasa lilikuwa linauma kweli.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Ilitoka kwa mama yake Bruno, na ilikuwa fupi. Mjomba aliisoma jikoni kwetu, akamtafsiria Mama huku akiwa amesimama mlangoni, nami nilikuwa nje chini ya dirisha, nikimenya viazi kwa kasi ya kobe.

"Anasema nisimwahidi mtoto mambo ya uongo tena. Anasema mtoto amelia siku mbili. Anasema safari hakuna."

"Uongo gani?" Mama aliuliza.

Mjomba aliikunja barua mara nne.

"Venansi. Ulimwambia mtoto nini?"

"Nilimwambia kuna uwanja."

"Si upo? Si kwa Gaspari?"

"Uwanja wa barafu, dada."

"Lakini hiyo barafu si iko Mombasa?"

Mama naye alikuwa ameamini. Karani wa serikali, mwanamke aliyekuwa akisoma mikataba kwa ajili ya mabosi wake, alikuwa ameamini pamoja na Kazungu. Niliacha kumenya.

"Mombasa hakuna kitu," alisema Mjomba. "Hakuna kitu popote. Niliwaandikia watu wawili, hawakujibu. Nilifikiri akija tu, akishuka kwenye ndege, akiniona, hatajali tena habari ya barafu."

Nilibaki na kisu mkononi. Kwa wiki zote hizo nilikuwa nimeubeba uongo wangu na kuuungama kwa Mungu kila usiku, huku nikiahirisha kuuungama kwa mtu yeyote mwingine. Sasa nilikuwa naambiwa kwamba haukuwa uongo. Nilikuwa nimesema ukweli mtupu, neno kwa neno. Ungefikiri mtoto angepumua. Mimi nilijisikia kama mtu aliyerusha jiwe gizani kwa hasira, kisha taa ikawashwa.

"Nani amemwambia?" Mjomba aliendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nani anajua? Ni mtu wa hapa. Anajua mpaka mishumaa."

Katika marafiki zake wote, mmoja tu alikuwa amesafiri kwenda Kanada majira hayo. Gaspari alikuwa amekwenda kumwona dada yake, aliyeishi mji mmoja na Bruno, na alikuwa amerudi hivi karibuni, na zawadi za chokoleti kwa timu nzima. Jumamosi iliyofuata Mjomba alimkabili mbele yetu, ukumbini, tukiwa tumeshaketi kwenye blanketi. Hakupaza sauti. Alimuuliza tu kama kicheko chake kilikuwa kimetosha, au kama bado kuna mtu mwingine anataka kwenda kuchekeshwa naye.

"Venansi," Gaspari alisema, "mimi huyo mwanamke hata nyumba yake siijui."

"Unajua mji."

"Mji wa watu milioni. Ningemtafuta ili iweje?"

"Ili ucheke."

Gaspari alikuwa mtu mnene, mwenye uso ulioumbwa kwa ajili ya furaha, na sikujua kwamba uso wa namna hiyo unaweza kuanguka wote kwa mara moja. Alitutazama sisi watoto, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta shahidi. Aliponifikia mimi niliinama kurekebisha soksi. Nilikuwa umbali wa hatua nne. Sentensi moja ingetosha. Nimeandika sentensi nyingi tangu siku ile, na nyingine nimelipwa kwa ajili yake, lakini ile ya maneno matano au sita niliyohitaji kuisema pale sijawahi kuiandika vizuri mpaka leo.

"Basi," Gaspari alisema. "Nilikuwa nataka kumalizia ukuta muda mrefu. Nilikuwa nangoja nyinyi mmalize."

Wiki iliyofuata tulikuta matofali yamepangwa katikati ya uwanja.

Mjomba hakuacha mara moja. Aliwapeleka watoto waliobaki kwenye uwanja wa shule, lakini soksi hazitelezi juu ya vumbi. Tukawa tisa, tukawa watano. Mwishoni aliomba sebule yetu. Mama alihamisha viti nje, Mjomba akapaka nta, na tulikuwa wawili tu, mimi na Kazungu na pengo lake. Kazungu alikuja kwa sababu alimpenda. Mimi nilicheza kwa sababu niliogopa nisipocheza atajua. Hatua tatu ukuta, hatua tatu ukuta. Mjomba alisimama mlangoni, magoti yamekunjwa kidogo.

"Anguka," alisema, nami nikaanguka.

"Ngumi."

Nikakunja ngumi.

"Inuka."

Kazungu hakuuliza tena barafu itakuja lini. Siku ambayo hakuuliza, Mjomba alimsubiri aulize, nilimwona akimsubiri. Kisha akasema tumechoka leo, tuvue soksi, na hakukuwa na Jumamosi nyingine.

Alimwandikia Bruno. Barua mbili za mwanzo hazikujibiwa, ya tatu ilirudi na muhuri wa kusema mtu huyo hayupo tena kwenye anwani hiyo. Namba ya simu ikawa ya mtu mwingine. Mjomba alipata kazi ya kutunza stoo, akaishi peke yake, hakuoa. Gaspari alimaliza ukumbi wake, na mji ulipokua, ukawa ukumbi wa maana. Nimehudhuria harusi tatu pale, wameweka marumaru, na mara zote tatu nilicheza muziki kwa bidii isiyolingana na uhusiano wangu na maharusi. Gaspari alikufa bila wao wawili kusalimiana. Mjomba alikwenda kwenye mazishi yake akasimama mbali, nyuma ya magari. Nami nilisimama pembeni ya Mjomba, nimeshika mkono wake, mpwa mwema.

Siku hizi unaweza kumtafuta mtu bila kutoka kitandani. Nimewaandikia akina Bruno wanne kwenye mtandao. Watatu hawakujibu. Wa nne alinijibu kwa upole kwamba yeye ni wa Brazili.

Mwaka jana Mjomba alianza kuugua, na madaktari wakatupa ile lugha yao ya kutuandaa. Alikuwa akiishi Kagugu, katika nyumba ya vyumba viwili, na mimi nilikuwa nikienda Jumapili baada ya ibada kumpelekea uji na kumkata kucha. Jumapili moja niliamua. Nilikuwa nimejiandaa kama ninavyojiandaa kwa mihadhara. Nilikuwa na utangulizi. Nilipofungua mdomo utangulizi ulipotea.

"Mjomba, ile simu ililia," nilisema.

Hakuuliza simu gani.

"Bruno alipiga. Wewe ulikuwa zahanati na Kazungu. Mimi ndiye niliyemwambia hakuna barafu. Sikutaka anichukulie nafasi yangu. Gaspari hakusema kitu."

Alikuwa amelala chali, macho kwenye dari. Mkono aliokuwa amenipa nimkate kucha aliuacha kwangu. Sijui kama alisahau kuuondoa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo mawili, kufukuzwa au kusamehewa, na nakiri kwamba katika kutayarisha nilikuwa nimetumia muda mrefu zaidi kwenye kusamehewa.

"Gaspari," alisema. Hilo tu.

Jirani alikuwa anafagia uani. Nilisubiri afagie mpaka amalize.

"Ulizungumza naye," Mjomba alisema.

"Ndiyo."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Alikuwa bado anakijua." Alifumba macho, akafumbua, akageuza kichwa kunitazama kwa mara ya kwanza siku ile, na uso wake haukuwa wa hasira wala wa msamaha. Ulikuwa uso wa mtu mwenye njaa. "Sauti yake ilikuwaje?"

Mimi ni mtu anayejulikana, katika duara dogo la wasomaji wenye subira, kwa kumbukumbu. Ninakumbuka rangi ya ile simu na ufa wa kwenye kitako chake. Ninakumbuka ubaridi wa sakafu chini ya nyayo, maneno yote aliyoyasema na kwa mpangilio wake, mvumo wa waya, hata mwanamke wa nyuma. Nilirudi pale sebuleni nikasikiliza kwa nguvu zangu zote. Midomo ilikuwa inacheza, maneno yanapita. Sauti haikuwepo. Sikuwa nimeisikiliza. Nilikuwa nasikiliza yangu.

Alikuwa bado ananitazama.

"Ilikuwa kama yako, Mjomba," nilisema.



"Alikuwa na miaka tisa," alisema.

Kisha akauondoa mkono wake kwangu, kucha tatu bado hazijakatwa, na akaniomba nimgeuze alalie upande wa ukutani.